Ukitaka wamwone mwongozaji, waonyeshe filamu mbili

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu mmoja kijana wa huko Nyanda za Juu Kusini. Ameajiriwa mwaka huu kufundisha sanaa za filamu chuoni. Baada ya shikamoo hakuzunguka: "Mwalimu, nimefika kwenye mada ya mwongozaji kama mtunzi wa filamu, darasa zima limenigeuka. Wanasema mtunzi ni aliyeandika skripti. Wengine wanasema ni mwenye hela. Mmoja kasema ni stelingi, maana bila yeye nani angenunua? Naomba msaada, wiki ijayo narudi tena kwao."

Marahaba, mwanangu. Nilikujibu kwa mistari miwili kwa sababu nilikuwa nimebanwa kwenye daladala, lakini swali lako linastahili zaidi ya hapo. Tena nawajua wasomaji wangu: nusu yenu mnafundisha, nusu nyingine mnaota kukaa nyuma ya kamera, na wote mnataka siku moja mtu atazame kazi yenu aseme "hii ni ya fulani" kabla hajasoma jina. Kwa hiyo linawahusu wote.

Kwanza nikutoe hofu. Darasa halijakugeuka, darasa limekujibu. Hao vijana wametoka mitaani, na mtaani filamu ina wenyewe wengi. Mimi nimekulia kwenye vibanda umiza, benchi la mbao, joto la kufa mtu, na sikumbuki hata siku moja tulimtaja dairekta. Filamu ilikuwa ya Bruce Lee, ilikuwa ya Amitabh Bachchan, au ilikuwa ya Lufufu. Na Lufufu hakushika kamera wala hakuigiza. Alikuwa akitafsiri na kusimulia kwa Kiswahili juu ya picha za watu. Lakini tulimfuata yeye. Filamu ileile bila sauti yake tuliiona imepoa kama chai ya jana. Wenzetu Kenya wana DJ Afro, na ukimuuliza kijana wa Nairobi hiyo muvi ni ya nani, atakwambia ya DJ Afro, na sidhani kama anakosea sana. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimwambia ghafla kwamba filamu ni ya bwana ambaye hata sura yake haionekani, ana haki ya kukukatalia.

Kwa hiyo usianze na nadharia. Walimu wengi wanaingia darasani na nadharia iliyoandikwa Paris mwaka 1954 mkononi, wanaandika majina ya Kifaransa ubaoni, wanafunzi wanayanakili, mtihani unapita, na hakuna aliyeona kitu. Anza na macho yao. Na sheria yangu ni moja, nitairudia mpaka mchoke: filamu moja haimwonyeshi mtunzi. Ukiwaonyesha filamu moja wataona hadithi, wataona waigizaji, wakiwa wakali wataona kamera. Mtunzi anaanza kuonekana kwenye filamu ya pili, pale jambo ambalo kwenye ya kwanza ulidhani limetokea tu linapojirudia.

Mimi hutumia Ousmane Sembène wa Senegal. Nakata majina yote ya mwanzo, sisemi ni nani, nawawekea Borom Sarret ya 1963, dakika 20 hivi, halafu La Noire de... ya 1966, ambayo haizidi sana saa moja. Katikati napachika vipande vya Touki Bouki ya 1973, ya Djibril Diop Mambéty. Hiyo ya katikati ndiyo siri yenyewe. Mji ni uleule, Dakar. Ufaransa inayotamaniwa ni ileile: kwa Sembène msichana anakwenda kweli, kwa Mambéty kijana na mpenzi wake wanapanga kwenda na mmoja anabaki bandarini. Ukiwapa wanafunzi za Sembène peke yake watasema zinafanana kwa sababu zote ni za Senegal na zote ni nyeusi na nyeupe. Jirani yake akiingia, kisingizio hicho kinakufa. Hawa wawili walipita mitaa ileile na hawakuona kitu kimoja. Mambéty ana pikipiki yenye pembe za ng'ombe mbele, sauti zinazokuja kabla ya picha zake, hadithi inayoruka kama ndoto ya homa. Sembène anakwenda hatua kwa hatua.

Nikishamaliza kuonyesha siulizi "mwongozaji anasema nini?" Nauliza: "Mmeona nini mara mbili?" Basi.

Kuna kundi moja sitalisahau. Wakaanza na ya kawaida: umaskini, ukoloni, wazungu wabaya. Sawa, nikaandika ubaoni, nikanyamaza. Binti mmoja aliyekuwa akipenda kukaa karibu na dirisha, mkimya kupita kiasi, akanyoosha mkono nusu nusu akasema: "Mwalimu, kwenye ile ya kwanza polisi alikanyaga nishani. Kwenye hii wanagombania kinyago. Huyu mtu hawaamini watu wakiongea, anaamini vitu."

Nilirudisha mkanda palepale. Mnaoijua Borom Sarret mnakumbuka: mwenye mkokoteni wa farasi amempeleka abiria hadi Plateau, mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anamsimamisha, anadai karatasi. Bwana yule anapopekua mfukoni, nishani yake ya vita inaanguka chini. Anainama kuiokota, na buti la polisi linatua juu yake. Hakuna hotuba, ni mguu, nishani na mkono uliosimama njiani. Miaka 3 baadaye, kwenye La Noire de..., yule msichana, Diouana, anawapa mabosi wake Wafaransa kinyago kama zawadi, nao wanakitundika peke yake kwenye ukuta mweupe wa fleti yao kule Antibes, Ufaransa. Akishachoshwa na utumwa wa jikoni anakichukua, mama mwenye nyumba anakivuta, naye anakivuta. Mwisho, Diouana ameshakufa, yule bwana anakirudisha Dakar, na mtoto mdogo anakivaa usoni na kumfuata nyuma hatua kwa hatua mpaka mzungu anakimbia mtaa.

Darasa likawaka. Nikawapa vipande vya filamu zake nyingine, nao wakawa wanawinda wenyewe. Mandabi ya 1968, hati ya fedha kutoka Paris inayomzungusha mzee ofisi hadi ofisi. Xala ya 1975, mikoba iliyojaa noti mwanzoni, na maji ya chupa ya Kifaransa yakimiminwa kwenye rejeta ya Mercedes. Moolaadé ya 2004, redio za akina mama zimerundikwa karibu na msikiti zinateketea. Sembène alifariki 2007, na kwa miaka 40 mkono haukubadilika: anatafuta kitu kinachoshikika, anakipitisha kwa watu, na sisi tunajua nani ana nguvu kwa kutazama kimeishia mikononi mwa nani. Hayo sikuwafundisha mimi, waliyaona wao. Mimi nilikuwa mtu wa kubonyeza kitufe tu, ingawa, nisijishushe sana, kuchagua filamu gani ikae kando ya ipi ni kazi.

Hapo ndipo nawapa maneno na majina, wakiwa na njaa nayo. Nawaambia kwamba mwaka 1948 Mfaransa mmoja, Alexandre Astruc, aliandika kwamba kamera itakuwa kama kalamu. Nawaambia kwamba Januari 1954, kwenye jarida la Cahiers du cinéma, kijana wa miaka 21 aitwaye François Truffaut, aliyeacha shule na kupita kwenye mahabusu ya watoto, aliwashambulia waandishi wa skripti wakubwa wa Ufaransa kwa majina yao, akisema filamu zao ni fasihi iliyopigwa picha na mwongozaji kazi yake imebaki kupamba. Vijana wanampenda sana Truffaut. Wanapenda zaidi nikiwaambia kwamba baada ya kutukana wakubwa ilimbidi aonyeshe yeye anaweza nini, na 1959 akaonyesha, kwa filamu yake Les Quatre Cents Coups.

Lakini mwanafunzi mkali hatakuacha uende. Atakwambia: "Mwalimu, Sembène aliandika hadithi zake mwenyewe, alikuwa mwandishi wa vitabu kabla ya filamu. Kwa hiyo bado mtunzi ni aliyeandika." Na ana hoja! Usimkate. Kubali, kisha mtolee mwongozaji wa kuajiriwa. Hao vijana wa Cahiers hawakupigania watu waliojiandikia tu. Walipigania watu kama Alfred Hitchcock na Howard Hawks, waliofanya kazi ndani ya kampuni kubwa, bajeti za watu, hadithi za watu.

Weka The 39 Steps ya 1935, iliyotengenezwa Uingereza kutoka riwaya ya John Buchan, kando ya North by Northwest ya 1959, iliyotengenezwa Marekani kwa skripti ya Ernest Lehman. Waandishi tofauti, nchi tofauti, miaka 24 katikati. Sasa hesabuni: mtu asiye na hatia, maiti yenye kisu mgongoni, na lawama inamwangukia yeye. Polisi wanamtafuta, majasusi wanamtafuta. Anapanda treni, ndani ya treni kuna mwanamke. Na kuna pahala kwenye kila filamu ambapo anaponea mbele ya umati kwa kufanya kiroja: kwenye ya kwanza anasukumiwa jukwaani akahutubia mkutano wa siasa asioujua, kwenye ya pili anavuruga mnada kwa makusudi ili polisi waje wamkamate. Buchan na Lehman hawakukaa meza moja kupanga hayo. Nani alikuwepo mara zote mbili? Hitchcock.

Nawasihi sana sehemu hii muirefushe, kwa sababu wengi wa wanafunzi wetu hawatatengeneza filamu ya roho zao wakitoka chuoni. Wataajiriwa kuongoza tamthilia za televisheni, sehemu baada ya sehemu, skripti inaletwa asubuhi, waigizaji wamechaguliwa na mtu mwingine. Wanahitaji kujua kwamba hata humo unaweza kuacha alama yako. Ukiwafundisha kwamba mtunzi ni yule tu mwenye uhuru wote, umewaambia wengi wao kwamba hawatakuwa watunzi.

Na wakishaamini, wavuruge. Hili walimu wengi hawalifanyi kwa sababu linaharibu mada nzuri. Naweka tukio la bafuni la Psycho ya 1960 bila sauti, halafu na sauti. Bila sauti ni kisu, maji, pazia, inatisha kiasi. Na sauti, zile fidla zinazopiga mayowe, kuna mwanafunzi lazima atashika kiti. Kisha nawaambia Hitchcock hakutaka muziki hapo. Bernard Herrmann aliuandika hata hivyo, akamsikilizisha, na mzee akakubali. Haya, hofu ile ni ya nani? Wengine wanasema ni ya Herrmann. Wengine wanasema ni ya Hitchcock kwa sababu yeye ndiye aliyekubali, na kukubali ni kazi ya mwongozaji. Siwaamulii. Narudi kwa Sembène mwenyewe nawaambia ile sauti ya Diouana inayoongea moyoni si ya Mbissine Thérèse Diop tunayemwona. Ni ya Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti. Kimya kinaingia darasani. Huwa nakifurahia kimya hicho, Mungu anisamehe.

Wape pia mgogoro wa Marekani. Mhakiki wa filamu Andrew Sarris aliandika 1962 kwamba mwongozaji anapimwa kwa duara tatu, ya nje ni ufundi, ya kati ni mtindo wake, ya ndani kabisa ni maana anayoipenyeza kwa kushindana na kile alichopewa. Mwaka uliofuata mhakiki mwenzake, Pauline Kael, akamjibu bila huruma: harufu ya kicheche hutambulika kuliko ya waridi, je, ndiyo bora? Hapo ndipo pa kuwauliza wanafunzi kama kujirudia ni sifa au ni uvivu. Mimi nadhani Kael alishinda mabishano na Sarris akashinda vyuo, lakini hiyo ni yangu.

Kwa nyumbani tunayo mifano, tusijidharau. Amil Shivji ana T-Junction ya 2017 na Vuta N'Kuvute ya 2021, ile iliyofika tamasha la Toronto. Wanafunzi wetu wengi wameisoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi shuleni, wengine waliikariri kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo wanaingia darasani wakiwa na hasira: mbona hiki kimeachwa, mbona kile kimeongezwa? Hasira hiyo ni dhahabu. Waambie waorodheshe kilichobadilika kati ya kitabu na filamu, kisha watazame kama mabadiliko hayo yana undugu na T-Junction. Fatima wa filamu moja na Yasmin wa nyingine wote ni mabinti wanaobeba Uasia na Uafrika wa pwani hii, wote wanavuka ukuta wa jamii zao kwa urafiki au mapenzi. Yasmin alitoka kwa Shafi, hilo halina ubishi. Lakini nani alimchagua Yasmin kati ya riwaya zote za Kiswahili?

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Projekta ikikataa, tumia laputopu na vikundi. Umeme ukikatika, jadilini. Flashi iwe na nakala mbili.

Ninalotaka kulisema ni la wakubwa wako. Chuo kimoja nilichofundisha, sitakitaja, mkuu mmoja alikuwa akipita dirishani anakuta taa zimezimwa. Siku ya kikao akasema mbele ya wenzangu kwamba humu ndani kuna watu wanalipwa kuangalia muvi. Watu wakacheka, na wengine wao nilikuwa nakula nao mchana. Semista iliyofuata saa za somo langu zikakatwa nusu. Bado inaniuma, nisiwadanganye. Kuna mwalimu wa fasihi anayeambiwa analipwa kusoma riwaya? Kwa hiyo mwanangu, kila unapozima taa, hakikisha ubaoni pameandikwa swali la siku hiyo kwa herufi kubwa, na wanafunzi wana karatasi ya kujaza. Karatasi ya nini? Ya kile walichokiona mara mbili. Akipita wa kupita, akute kazi.

Yule binti wa dirishani, majuzi filamu yake fupi imeonyeshwa kwenye tamasha. Alipopanda jukwaani alimshukuru mama yake, mpiga picha, mhariri, hadi kaka wa jenereta. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, nimevaa shati jipya. Sikununa. Haya, nilinuna kidogo. Kisha taa zikazimwa, na filamu ikaanza na ufunguo wa fremu ya duka Kariakoo, ndugu watatu wameachiwa urithi, na ufunguo ule unazunguka mikononi mwao dakika zote 14 bila mtu kueleza chochote. Nikacheka peke yangu gizani hadi jirani akanitazama.

Vijana, nisikilizeni hapa. Mnataka kuitwa watunzi, na mnadhani utunzi ni kuandika jina lako kubwa kwenye bango na kusema "a film by" kabla hujaongoza hata tangazo la sabuni. Jina si kazi. Fanya ya kwanza, fanya ya pili, halafu tafuta mtu asiyekupenda akwambie nini kimejirudia. Kama hakuna kilichojirudia, bado unaiga watu. Kama kilichojirudia ni droni inayopanda juu ya nyumba, hiyo ni alama ya droni. Na wewe mwalimu, acha kuwafurahisha kwa filamu mpya kila wiki kama mwenye kibanda anayegombea wateja. Filamu chache. Mbili za mtu mmoja na ya jirani yake.

Uliniuliza pia kuhusu mtihani. Mimi hutoa kipande cha dakika 4 cha filamu wasiyoijua, ya mwongozaji waliyemsoma, bila majina. Swali lina sehemu mbili: onyesha kitu kimoja kinachokufanya uamini mkono ni uleule, kisha mtaje mtu mwingine kwenye utengenezaji, mpiga picha, mhariri, mwandishi, fundi wa sauti, ambaye angeweza kudai kitu hicho ni chake, na eleza ungemjibuje. Alama nyingi ziko kwenye sehemu ya pili. Anayeandika jina sahihi la mwongozaji bila kuonyesha chochote hapati kitu. Anayekosea jina lakini akaonyesha kitu kweli anavuka nusu. Kila mwaka wanakuja ofisini kulalamika, na kila mwaka nawarudishia kipande kilekile waangalie upya.